Rangi ya Bampa na Pumzi ya Nyumbani

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka polepole.)

Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo pengine umeiona uani kwa jirani, au umeifanya wewe mwenyewe Jumamosi: kupuliza rangi kwenye sehemu za plastiki na mpira za gari au pikipiki, nyumbani.

Ukipita Nakaloke kwenye barabara kuu inayotoka Mbale kwenda Kumi na Soroti, unajua jinsi vyombo vilivyo vingi. Kuna matatu, malori, magari madogo na bodaboda zisizohesabika. Magari mengi tunayoyatumia yalishatumika kwingine, hasa Japani, yakaja kwa meli hadi Mombasa, kisha yakavuka mpaka Malaba au Busia. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotengenezwa miaka 15 iliyopita au zaidi. Hata hivyo gari la miaka 10 au 12 bado linaingia, na likishafika hapa linaendelea kuzeeka mikononi mwetu.

Na jua letu halina huruma. Sisi tuko karibu na ikweta, kama digrii moja tu kaskazini yake. Miale ya jua inakula plastiki. Bampa nyeusi inageuka kijivu kama majivu ya sigiri. Madigadi ya pikipiki inapauka na kuanza kupasuka. Mwenye gari anataka kuliuza, au anataka abiria wasilikimbie, basi ananunua makopo mawili ya rangi ya kupuliza, anaifungua bampa, anaiweka uani na kuanza kazi.

Hakuna ubaya kutengeneza mali yako kwa mikono yako. Kazi hii inaweza kufanywa vizuri nyumbani, na leo nitakueleza jinsi. Lakini kuna jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo: rangi ikiharibika, utaisugua kwa msasa na kuanza upya. Mapafu yakiharibika, hakuna msasa wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bampa itang'aaje, tuulize kwanza nani atavuta hewa hiyo.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na kilicho ndani ya kopo. Rangi ya kupuliza ina vitu vitatu. Kuna rangi yenyewe pamoja na gundi inayoishikisha. Kuna kiyeyushi, yaani kitu cha jamii ya tina, kinachoifanya rangi iwe nyepesi. Halafu kuna gesi inayoisukuma itoke, na mara nyingi gesi hiyo ni ya jamii ileile ya gesi ya kupikia. Kiyeyushi na gesi vyote viwili hushika moto.

Unapobonyeza kopo, rangi inabaki kwenye bampa, lakini kiyeyushi kinaondoka na kuwa mvuke. Ile harufu kali unayoisikia ndiyo hiyo. Ukiivuta nyingi, kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, macho yanachoma, tumbo linachafuka. Watu wengine hucheka na kusema rangi imempanda kichwani. Si jambo la kucheka. Ni mwili unakuambia kwamba ubongo umeanza kulewa sumu. Ukiona dalili hizo kwako au kwa mwenzako, acha kazi mara moja, toka kwenye hewa safi, na usirudi siku hiyo.

Tena, mvuke huu ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa kuni. Unashuka, unatambaa chini kama maji, unaingia chini ya mlango. Sasa fikiria nyumba zetu za kupanga, zile za chumba kimoja tunazoziita muzigo. Zimepangwa mstari mmoja na ua ni wa wote. Wewe unapuliza mbele ya mlango wako, na hatua chache kutoka hapo mama anapika posho kwenye sigiri. Mvuke unatambaa mpaka kwenye makaa. Unaweza kuwaka, na moto ukarudi mbio hadi pale uliposimama na kopo mkononi.

Na chini huko unakotambaa mvuke ndiko walipo watoto. Mtoto anayetambaa, mtoto aliyelala kwenye mkeka, mtoto anayecheza mchangani, hao wanavuta hewa ya chini. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo sumu ileile inamwingia zaidi. Mama mjamzito naye asiwe karibu, maana viyeyushi vya rangi vinaweza kumfikia mtoto aliye tumboni.

Basi kanuni ya kwanza ni hii. Usipulize rangi ndani ya nyumba, hata kama dirisha liko wazi. Usipulize varandani. Usipulize kwenye ua wa wapangaji wengi wakati watu wako nyumbani na majiko yanawaka. Beba bampa yako uende mahali palipo wazi, mbali na milango, majiko, kisima na mahali watoto wanapocheza. Pakiwa na kivuli cha mti, vizuri zaidi. Waambie majirani mapema, saa fulani nitapuliza rangi, tafadhali shikeni watoto. Hilo ni neno la dakika moja, na linaokoa ugomvi pamoja na afya. Usivute sigara, na usiruhusu mtu avute karibu nawe. Simama upepo ukitoka nyuma yako au ubavuni, ukipeleka mvuke mbali, usiwe unakurudi usoni.

(Muziki mfupi.)

Sasa sikiliza vizuri hapa, hasa wewe kijana unayejifunza kazi gereji. Kuna rangi za aina mbili. Kuna ile ya kawaida ya kopo, inayokauka yenyewe kiyeyushi kikiondoka. Na kuna ile ya kuchanganya, rangi pamoja na dawa ya kuifanya iwe ngumu. Mafundi wengi huita dawa hiyo hadina. Ndiyo hutumika sana kwa kliya, ule mng'ao wa juu wa gari. Siku hizi kuna hata makopo ya kupuliza yenye kitufe chini. Ukikibonyeza, hadina inachanganyika na rangi ndani ya kopo.

Hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali ziitwazo isosianeti. Kwa kupaka rangi nyumbani, hiki ndicho kitu cha kuogopa kuliko vyote. Isosianeti husababisha pumu kwa wapaka rangi wa magari. Haitoi onyo la kutosha, maana unaweza kuivuta bila kusikia harufu yoyote kali. Unafanya kazi mchana vizuri, unakula, unaoga, kisha usiku kifua kinabana, unakohoa, pumzi inakuwa fupi. Unadhani ni mafua au vumbi la barabara. Mwili ukishaikataa isosianeti, baadaye hata kiasi kidogo sana kitakuletea shambulio. Wapo mafundi waliolazimika kuacha kazi waliyoipenda kwa sababu hiyo.

Barakoa ya kawaida haikufai kwa rangi ya namna hii. Kwenye gereji zenye vifaa, mpaka rangi hupuliza ndani ya chumba maalumu chenye feni, huku akivaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Nyumbani huna hivyo. Kwa hiyo kanuni ya pili ni fupi: rangi au kliya yenye hadina usiipulize nyumbani. Soma kopo kabla ya kulipa. Ukiona limeandikwa 2K, au ukiona neno isocyanate, lirudishe kwenye rafu. Kama kazi yako inahitaji kliya ya namna hiyo, peleka bampa kwa fundi mwenye chumba cha rangi na vifaa.

Na wewe mwenye gereji, ambaye vijana wanakuita bosi, neno lako ni hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kitambaa kilichofungwa puani si kifaa cha kujikinga. Pia Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka kazi ya kupaka rangi, kwa wale wanaoifanya kama ajira, miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kwa hiyo huyo kijana anayekupulizia magari kila siku, miaka nenda rudi, anahitaji ulinzi mkubwa kuliko mtu anayepaka bampa moja kwa mwaka.

(Muziki mfupi.)

Tuseme basi umechagua rangi ya kawaida ya kopo. Jikinge vipi?

Ile barakoa nyembamba tuliyovaa wakati wa korona huzuia mate, na kidogo vumbi. Mvuke wa rangi unapita kama haipo. Kitambaa kilicholowanishwa maji nacho hivyo hivyo. Kinachozuia mvuke ni barakoa ya mpira yenye vichujio viwili pembeni, na ndani ya vichujio hivyo kuna mkaa maalumu unaonasa mvuke, pamoja na kitambaa cha kunasa matone ya rangi. Hununuliwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vya usalama. Ikiwa mko watu kadhaa mnaofanya kazi hii, nunueni barakoa moja moja, maana ya kuazimana haikai sawa kwenye kila uso, tena inaeneza magonjwa. Ndevu nyingi huifanya ivuje. Vichujio vikitumika vinachoka. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, vichujio vimekwisha. Ukimaliza kazi, funga vichujio kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana vikiachwa wazi vinaendelea kunasa mvuke ulio hewani mpaka vishibe.

Vaa pia miwani ya kujikinga, glavu, na shati la mikono mirefu unalolitumia kwa kazi hiyo tu. Shati hilo lifuliwe peke yake, lisichanganywe na nguo za mtoto. Usioshe mikono kwa petroli wala tina. Vyote viwili hukausha ngozi na kupita ndani yake. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Tumia sabuni na maji, au mafuta ya kupikia kidogo kwanza, kisha sabuni.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Swali la kwanza: unapaka nini?

Geuza bampa au kipande chako, utazame upande wa nyuma. Mara nyingi utakuta herufi zimechapwa kwenye plastiki. Ukiona ABS, hiyo ni plastiki inayokubali rangi bila taabu. Hutumika kwa vifuniko vingi vya pikipiki na kwa grili za mbele. Ukiona PP, au PP+EPDM, hiyo ndiyo plastiki ya bampa nyingi. Ina ulaini kama wa nta, na rangi haiipendi. Ukiipuliza hivi hivi, itang'aa wiki mbili, kisha itabanduka kama ganda la muwa. Plastiki ya PP inahitaji kwanza dawa ya kushikisha rangi, ambayo huuzwa pia katika kopo la kupuliza. Ukienda dukani sema wazi, nataka praima ya plastiki.

Kama herufi zimefutika, kwangua kipande kidogo sana mahali pasipoonekana ukitie kwenye kikombe cha maji. PP mara nyingi huelea, na ABS huzama. Usichome plastiki ili kunusa moshi wake, kama wengine wanavyofanya. Moshi huo ni sumu.

Kisha kuna mpira, na hapa nitasema bila kuzunguka: mpira mwingi wa gari usiupake rangi kabisa. Mpira hunyumbulika, na rangi ya kawaida haiwezi kunyumbulika nao, kwa hiyo inapasuka. Mipira ya milango ikipakwa rangi inanata na kuchanika, halafu mvua ya Mei inaingia ndani ya gari. Hiyo ioshe kwa sabuni, ikauke, kisha ipake gliserini au silikoni ya kupaka mpira. Itarudi kuwa nyeusi na laini.

Kuna mipira ambayo kuipaka rangi ni hatari ya uhai. Mipira ya breki, mikanda ya injini, na mifuko ya mpira inayofunika viungo vya ekseli, yote hiyo hukaguliwa kwa macho. Fundi mwema anaikunja kidogo akitafuta nyufa. Ukiifunika kwa rangi, umefunika ufa. Gari linaonekana jipya, na breki zinakwisha mteremkoni. Kiyeyushi cha rangi nacho kinaweza kuudhoofisha mpira wenyewe. Ukiona mtu anauza gari ambalo mipira ya breki imepigwa rangi nyeusi inayong'aa, muulize anaficha nini.

Matairi pia usiyapulize rangi, na usiyapake dizeli wala oili chafu ili yang'ae. Mafuta huulainisha mpira na kuuharibu, hata kama siku hiyo unaonekana mzuri. Sabuni, maji na brashi vinatosha.

Ongeza vitu vingine vitatu visivyoguswa na rangi. Mikanda ya usalama ni ya kwanza. Cha pili ni kifuniko cha usukani au cha dashibodi kilichoandikwa SRS au Airbag, kwa sababu kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu ili mfuko wa hewa utoke. Cha tatu ni taa na vioo vyake vinavyoakisi mwanga.

(Muziki mfupi.)

Umebaki na nini? Bampa, vifuniko vya vioo vya pembeni, grili, madigadi, vifuniko vya magurudumu. Hivyo unaweza kuvipaka. Nenda nami hatua kwa hatua.

Chagua siku. Asubuhi umande ukishakauka, kabla ya upepo na vumbi la mchana, na kabla ya mvua ya alasiri ambayo sisi wa chini ya Mlima Elgon tunaijua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi inakuwa na ukungu mweupe. Usifanye kazi juani, maana plastiki ikiwa ya moto rangi hukauka kabla ya kutulia, inabaki na mikwaruzo kama ngozi ya chungwa.

Fungua kipande kutoka kwenye gari ikiwezekana. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza vizuri, kausha. Usifute kwa petroli ili kutoa grisi. Petroli na tina kali huweza kuitia ABS nyufa ndogo ndogo, tena unajiongezea mvuke. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ukiwa nje, mbali na moto.

Sugua kwa msasa laini, namba 400 hadi 600, ukitumia maji. Maji yana kazi mbili. Yanafanya msasa ukate laini, na yanazuia vumbi. Vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na risasi, hasa rangi za njano, machungwa na nyekundu. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo usisugue kavu, usifagie vumbi hilo hewani, na maji ya kusugulia usiyamwage kwenye bustani ya mboga wala mahali watoto wanapochezea. Unaponunua rangi mpya, tafuta iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi.

Kipande kikishakauka, kiweke juu ya boksi au viti viwili vikuukuu. Tikisa kopo mpaka usikie kigololo kinagonga ndani, kisha endelea dakika mbili. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye kipande, pita moja kwa moja, acha baada ya kukipita. Mkono usisimame mahali pamoja. Mpito wa pili ufunike nusu ya wa kwanza.

Anza na dawa ya kushikisha au praima ya plastiki, tabaka jepesi. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Kisha rangi, mara tatu nyembamba badala ya mara moja nzito, ukingoja kama dakika kumi kati ya mara moja na nyingine. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu; usijali kama bado unaiona plastiki. Haraka ndiyo inayoleta michirizi. Katika zile dakika kumi, usikae juu ya bampa ukiitazama. Sogea mbali, vua barakoa ukiwa kwenye hewa safi, kunywa maji.

Kama una wasiwasi rangi itashika au la, fanya jaribio upande wa nyuma siku moja kabla. Puliza eneo dogo, kesho yake kata alama ya X kwa wembe, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Rangi ikitoka na selotepu, maandalizi hayakutosha. Afadhali ujue nyuma kuliko mbele.

Ukimaliza, kipande kikae nje mpaka kesho, chini ya paa lililo wazi kama mvua inatisha. Usikiingize chumbani mnakolala. Rangi iliyokauka kwa kidole bado inatoa mvuke usiku kucha. Usilioshe gari kwa wiki moja.

(Muziki mfupi.)

Sasa neno kwa mzazi, na tafadhali lipeleke kwa jirani. Rangi imekwisha, bampa imependeza, na tina imebaki kidogo. Unaiweka wapi?

Wengi wetu huitia kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu anaiona chupa anayoijua, anafungua, anakunywa. Msiba wa namna hii tunaujua, kwa tina, kwa petroli, kwa mafuta ya taa. Basi tina ibaki kwenye chombo chake chenye maandishi, kifungwe, kiwekwe juu mahali mtoto hafiki, tena si jikoni wala chini ya kitanda. Afadhali ununue kiasi utakachokimaliza.

Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe. Usimpe maziwa, maji ya chumvi wala mafuta. Akitapika, kile kimiminika kinaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko kinakoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkalishe wima, mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mbale, na ubebe chombo cha ile tina ili mganga aone ni kitu gani. Fanya hivyo hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na homa vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Rangi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituoni. Moto ukiwaka, watoe watu kwanza. Namba ya dharura Uganda ni 999 au 112.

Na makopo matupu? Kopo likionekana tupu bado lina gesi. Usilitoboe, usilitupe kwenye moto wa takataka, usiliache juani ndani ya gari. Joto likipita digrii 50 linaweza kulipuka. Usimpe mtoto achezee. Lipindue juu chini, bonyeza mpaka isitoke rangi, kisha litenge na takataka zinazochomwa. Tina chafu usiimwage mtoni Namatala wala kwenye mfereji unaokwenda huko. Maji hayo yanapita kwenye mashamba ya mpunga na ya mboga tunazokula.

(Muziki wa kufunga unaanza, chini chini.)

Ndugu msikilizaji, tukusanye tuliyoyasema. Puliza nje, mbali na sigiri na watoto. Rangi ya hadina mwachie mwenye vifaa. Vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Soma herufi nyuma ya plastiki, na mpira wa breki uache uonekane ulivyo. Tina isiingie kwenye chupa ya soda.

Kama kesho una bampa ya kupaka, anza leo jioni kwa kuzungumza na majirani wa ua wako mkubaliane saa na mahali. Hilo ndilo tabaka la kwanza la rangi.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika ua wenu, ni mahali gani panafaa kupuliza rangi bila mvuke kufika kwenye majiko na kwa watoto? Kama hapapo, mnaweza kwenda wapi?

2. Nani kati yenu ana tina, petroli au mafuta ya taa kwenye chupa ya kinywaji? Mtaihamishia wapi leo?

3. Vijana wanaojifunza kazi kwenye gereji zilizo karibu nanyi huvaa nini puani? Nani atazungumza na mwenye gereji, na lini?

4. Je, mnaweza kuchanga fedha mkapata vifaa vya kujikinga, kila mpakaji akiwa na barakoa yake?



(Muziki wa kufunga unapanda, kisha unaisha.)